Zoni, ploti na ekari iliyobaki nyuma

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye ukumbi mmoja hapa Thika, mbele ya vijana wenzangu na wazee kadhaa ambao nadhani walikuja kwa sababu walisikia neno "ardhi". Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema, na pale niliporopoka nimenyoosha kidogo. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaka kutukana mtu, kurasa za hiyo kazi ni nyingi.

Wenzangu, hamjambo. Wazee wetu, nawaheshimu, na asanteni kwa kuja.

Kuna mabishano ambayo kila mtu hapa ameyasikia, kwa redio, kwa matatu, kwa mazishi hata. Mmoja anasema: maeneo maalum ya kiuchumi yataleta kazi, viwanda vitajaa, vijana watatoka mitaani. Mwingine anajibu: hizo zoni ni njia tu ya matajiri kukaa na maelfu ya ekari bila kulipa kodi, na mwananchi anabanwa kwa ploti ya 50 kwa 100. Watu wanapiga makofi pande zote mbili halafu wanaenda nyumbani. Hakuna anayeuliza: sasa, hiyo ardhi inatumika vizuri ama vibaya? Na "vizuri" tunapima na nini?

Hilo swali si la wasomi peke yao. Liko kwenye Katiba. Kifungu cha 60 kinasema ardhi ya Kenya itamilikiwa, itatumiwa na kusimamiwa kwa njia ya usawa, yenye ufanisi, yenye tija na endelevu. Usawa umetajwa kwanza, lakini ufanisi upo palepale, mstari huohuo. Kwa hivyo mtu akikwambia ufanisi ni maneno ya mabepari, mwambie asome. Na mwingine akikwambia ufanisi unatosha, usawa tutauona baadaye, mwambie asome pia.

Nianze na sheria kwa ufupi. Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ni ya 2015. Waziri wa serikali ya kitaifa ndiye anayetangaza eneo kwenye gazeti rasmi la serikali. Kampuni iliyo ndani inalipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, halafu asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Kampuni ya kawaida hapa Thika inalipa asilimia 30. Kabla ya hapo tulikuwa na EPZ, za sheria ya 1990, na ile kubwa iko Athi River, hekta 339. Tofauti moja kubwa ni kwamba EPZ ilikuwa ya viwanda vya kuuza nje. Zoni za sasa zinaweza kuwa mji mzima: viwanda, shule, nyumba, ofisi, vyote ndani ya ua mmoja.

Na mfano wa huo mji mnaujua. Uko hapo Ruiru. Tatu City, kama ekari 5,000, yaliyokuwa mashamba ya kahawa. Mradi ulizinduliwa 2010, ukachelewa miaka kwa sababu ya kesi za wanahisa, na hadhi ya zoni ikaja 2017. Leo ukiingia utakuta magodauni, utakuta shule, utakuta nyumba, utakuta jengo la kampuni inayopokea simu za wateja wa nchi za nje. Kuna hata Dormans, wachoma kahawa, kwenye ardhi ambayo ilikuwa inapandwa kahawa. Mimi hilo huwa linanichekesha kila nikipita.

Sasa tupime.

Chukueni ekari moja ya Ruiru, nje ya geti. Ekari ina futi mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Mwenye kugawa anataka ploti nane, kwa sababu kila mtu Kenya anajua ekari ni ploti nane. Nane mara 5,000 ni 40,000. Zinabaki 3,560. Hiyo ndiyo barabara yako, ndiyo mtaro wako, ndiyo uwanja wa mtoto kucheza, ndiyo kituo cha polisi. Asilimia 8. Shirika la UN-Habitat linashauri angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe ya barabara. Ndiyo maana ukipima ploti nyingi zinazoitwa 50 kwa 100 hazifiki. Barabara ilipopatikana, ilikatwa kwa mwili wa ploti.

Halafu mwenye ploti anajenga. Ghorofa tano, vyumba sita kila ghorofa, bedsita. Huo ni mfano tu, si takwimu, lakini nendeni Kihunguro ama Githurai Kimbo mniambie kama nimekosea sana. Vyumba 30, watu wawili kila chumba, watu 60 kwa ploti moja. Ploti nane zikijaa hivyo, karibu watu 480 kwa ekari. UN-Habitat hiyohiyo inashauri mji uwe na angalau watu 15,000 kwa kilomita mraba, yaani kama 60 kwa ekari. Sisi tunaweka kwa ploti moja watu ambao ekari nzima ingetosheka nao.

Mtu akiangalia hizo namba kwa haraka atasema: basi Ruiru ya kawaida ndiyo yenye ufanisi, na zoni ndiyo inayopoteza ardhi. Waendelezaji wa Tatu City wenyewe wanasema ikikamilika itakuwa na wakazi 250,000. Kwa ekari 5,000, hao ni 50 kwa ekari. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu karibu 490,000, mji wa nne kwa ukubwa nchini, kutoka kama 239,000 mwaka wa 2009. Mji umeongezeka mara mbili kwa miaka kumi, na wengi wameingia kwa ploti, si kwa zoni.

Mimi mwenyewe mwaka jana nilisimama kwenye mdahalo na hoja hiyo. Nilishinda, nikapigiwa makofi. Nilikosea.

Nilikosea kwa sababu nilihesabu watu, sikuhesabu kile watu wanachoweza kufanya hapo. Ekari yenye watu 480 na asilimia 8 ya barabara haina mahali pa lori kugeukia. Kila mwenye nyumba anachimba shimo lake la choo na kisima chake, jirani ya jirani. Gari la kunyonya choo likiingia asubuhi, hakuna gari lingine linatoka mpaka limalize. Huwezi kuweka karakana inayoajiri watu 100 hapo. Kwa hivyo wale watu 480 wanaamka saa kumi na moja, wanatembea mpaka barabara kuu, wanapanda matatu kwenda kutafuta kazi Nairobi. Ardhi imejaa, lakini ni kitanda tu. Msongamano si ufanisi. Unaweza kuubana mji mpaka usiweze kupumua na bado uwe unapoteza ardhi.

Mji wa Ruiru ulikuwa unalijua hili zamani. Ile kahawa inayoitwa Ruiru 11 ilizalishwa kwenye kituo cha utafiti hapo hapo Ruiru, ikatolewa kwa wakulima 1985. Ni mti mfupi, uliobanana. Kahawa za zamani kama SL28 zilikuwa zinapandwa kama miti 1,330 kwa hekta. Ruiru 11 unaweka 2,500. Lakini mwulize mkulima yeyote: hata hiyo 2,500 ina nafasi ya mita mbili kwa mbili. Nani ataingia kuchuma kama umeziba njia?

Na hapo ndipo hoja ya zoni inapopata nguvu yake ya kweli, na nawaomba wale wasiopenda zoni wanisikilize. Nguvu yake si kodi. Nguvu yake ni kwamba ardhi ni kubwa, mwenyewe ni mmoja, na barabara inachorwa kabla ya ploti ya kwanza kuuzwa. Mabomba ya maji, stima, mtaro, vyote vinaingia ardhini kabla ya nyumba. Ruiru ya kawaida imekatwa na watu maelfu, kila mmoja na hati miliki yake, na hakuna aliyekubali kupoteza futi kumi kwa ajili ya barabara ya wote. Hatuwalaumu. Ungekuwa wewe ungekubali? Lakini matokeo tunayaona kila mvua ikinyesha.

Ila ndani ya zoni pia kuna kazi ya kupima, na hapa ndipo wapenzi wa zoni hunyamaza. Godauni ni paa kubwa. Linaweza kufunika ekari nzima na ndani kuna watu wachache, forklift na mapaleti. Jengo la watu wanaopokea simu linaweza kukaa kwa sehemu ya ekari na kuajiri mamia kwa kila ghorofa. Vyote viwili vinapata kodi ileile ya asilimia 10. Kodi haiulizi umetumia ardhi kiasi gani. Ukisamehe kodi bila kuuliza hilo, ardhi inakuwa kama sukari ya bure kwa chai: kila mtu anaweka vijiko vitano.

Hii si hofu ya mwanafunzi. Imetokea. Tunapenda kutaja Shenzhen, mji wa China uliopewa hadhi ya eneo maalum 1980 na ukawa jiji la mamilioni. Kila mwanasiasa akitoka safari anaitaja. Wasichokitaja ni kwamba baada ya Shenzhen kila mkoa, kila wilaya ya China ilitaka zoni yake. Kufikia 2003 zilikuwa zimefika 6,866, na eneo lililopangiwa lilikuwa kilomita mraba 38,600. Mashamba mengi yalizungushiwa ua yakabaki nyasi. Serikali kuu yenyewe ikaingia, ikafuta. Zilipomalizwa kuhesabiwa zilikuwa zimebaki 1,568, na eneo limepungua kwa zaidi ya asilimia 70. India nayo ilipitisha sheria ya zoni 2005. Mkaguzi mkuu wao alipotoa ripoti 2014, katika hekta 45,635 zilizotangazwa, shughuli zilikuwa zimeanza kwa 28,488 tu. Asilimia 62. Na sehemu ya ardhi iliyochukuliwa kwa jina la zoni ilikuwa imeondolewa hadhi hiyo na kugeuzwa biashara nyingine.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumwuliza mtu anayetaka kura yako kwa jina la zoni si "kazi ngapi". Ni "ekari ngapi zilitangazwa, na ngapi zinafanya kazi leo?" Hizo ni namba mbili. Akikosa moja, anakuuzia picha ya mchoraji.

Sasa nirudi Thika, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Thika tuliitwa Birmingham ya Kenya. Wazee mlio hapa mnajua: nguo, mafuta ya kupikia, magari yaliyounganishwa, mananasi ya mkebe. Mji ulijengwa na viwanda kabla ya neno zoni kujulikana. Shangazi yangu amepika chapati na madondo nje ya godauni moja huku viwandani kwa miaka mingi. Sitalitaja. Mpangaji wa lile godauni alihamia kwenye zoni. Si kwa ubaya, alihesabu: kodi theluthi moja, barabara pana, stima isiyopotea potea. Kule sasa ana jengo refu zaidi, bidhaa zinapangwa mpaka juu, lori halisimami barabarani. Ukipima ekari yake mpya, ina ufanisi kuliko ya zamani. Nakubali bila kubisha.

Lakini ekari ya zamani bado ipo. Ina mnyororo, ina mlinzi na mbwa. Shangazi alibaki na wateja wanne, mmoja wao ni huyo mlinzi. Baadhi ya wafanyakazi waliendelea na kazi na sasa wanalipa nauli kwenda na kurudi, wengine waliachwa. Kwenye hotuba, kazi za kule zinahesabiwa kuwa kazi mpya. Ekari ya kule inahesabiwa kuwa ardhi iliyoendelezwa. Hakuna mtu amekuja Thika kuhesabu kilichotolewa huku.

Hili ndilo kosa kubwa katika mabishano yote ya zoni, kwa maoni yangu. Tunapima zoni yenyewe. Tungepaswa kupima mji wote, Thika mpaka Ruiru, kama sahani moja. Ukihamisha nyama kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule, hujaongeza nyama. Kweli, kiwanda kikihama huacha nafasi, na nafasi inaweza kuwa baraka: lile godauni lingeweza kuwa karakana ndogo hamsini za vijana wa Makongeni, ama nyumba za watu wa Kiandutu ambao wamekaa kwa mabati jirani na viwanda miaka yote hii. Lakini hilo linahitaji kaunti iwe na mpango wa kubadilisha matumizi ya ardhi bila mwenye ardhi kuzungushwa ofisi miaka mitatu. Na linahitaji kushikilia ardhi tupu kuume kidogo. Kodi ya ardhi ikiwa ndogo na bei ya ardhi inapanda kila mwaka, mnyororo na mbwa ndiyo biashara bora kuliko zote.

Ni vilevile kuzunguka zoni. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike 2012, na sasa na zoni, ploti za pembeni zimenunuliwa na watu wa kungoja. Utaona ua wa mawe, geti jeusi, ndani mahindi mistari sita ili ionekane kuna kazi. Mwenyewe anangoja bei. Mfanyakazi wa zoni anayetaka kuishi karibu anaruka hizo ploti tupu, anaenda kupanga mbali zaidi, na mji unatambaa kwenda Juja, kwenda Witeithie. Zoni inaweza kubana ardhi ndani na kuitawanya nje kwa wakati mmoja.

Swali la kaunti. Mipango ya ardhi ni kazi ya kaunti kwa Katiba. Lakini zoni inatangazwa na serikali ya kitaifa, na ile sheria ya 2015 inaziondolea kampuni za ndani ada za leseni ya biashara na za matangazo zinazotozwa na kaunti. Kwa hivyo Nairobi inatoa ahadi, na Kiambu inabaki na wafanyakazi wanaohitaji hospitali, wadi ya kina mama na barabara ya kufika getini. Mnakumbuka 2024, serikali ya kaunti na waendelezaji wa Tatu City walivyotupiana maneno hadharani kuhusu ardhi ya huduma za umma na idhini za mipango. Sitaamua hapa nani alikuwa mkweli. Ninachosema ni kwamba mwendelezaji mkubwa kuacha ardhi kwa ajili ya umma ni jambo la kawaida katika mipango ya miji, na ekari ngapi, wapi, za nini, lilikuwa jambo la kuandikwa siku ya kwanza kwenye rejista ambayo mimi na wewe tunaweza kuisoma. Likiachwa mpaka mwaka wa kumi na nne, linageuka mkutano na waandishi wa habari.

Rafiki yangu mmoja ananiambia nimekuwa mtetezi wa zoni, mwingine wiki hiyohiyo akaniita adui wa wawekezaji. Mimi ningependa zoni, lakini kwa masharti. Msamaha wa kodi uambatane na muda: ekari iliyotangazwa na haijajengwa kwa miaka kadhaa irudi kwenye kodi ya kawaida. Kampuni inayohama kutoka Thika isihesabiwe sawa na inayoanza upya. Na mwenye kutaka ekari nyingi kwa paa moja aeleze kwa nini, kama vile sisi tunavyoelezwa kwa nini hatuwezi kujenga choo bila kibali.

Kwa vitendo, mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti na wa manispaa ni hati ya umma. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka tangazo litolewe na wananchi watoe maoni. Mkutano wa aina hiyo ukiitwa, mara nyingi wanaofika ni madalali na watu kumi waliosikia kuna soda. Mkiona tangazo nitaliweka kwenye uzi huu, ukurasa kwa ukurasa, na pale penye ramani tutaangalia pamoja rangi ya viwanda iko wapi na lile godauni la mnyororo limepakwa rangi gani. Shangazi amesema atakuja. Amesema pia nisiahidi watu chapati.

Nimemaliza yangu. Kuna mama ameinua mkono pale nyuma tangu niseme Kiandutu. Karibu, mama.